Jibu la wataalamu: kufufua reli ya zamani, kwa mfano wa njia ya Tanga hadi Arusha

Msomaji wetu wa Mombo ameandika: "Sisi ni kikundi cha wafanyabiashara. Tunashusha mbogamboga kutoka Lushoto, tunapandisha mbolea na saruji. Wazee wanasema zamani kila kitu kilipita relini. Njia ilikaa miaka mingi bila treni, majani yakaota, halafu mwaka 2019 tukaona treni tena. Kufufua reli ya zamani ni kazi gani hasa? Kwa nini wasifyeke majani wakapitisha treni kwa mwendo wa kawaida? Na kwa nini mizigo inatangulizwa kabla ya abiria?"

Ndugu yetu wa Mombo, asante kwa swali. Kufyeka majani ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Vijana 40 wenye mapanga wanasafisha kipande kirefu kwa wiki moja. Pesa inakoishia ni chini ya majani hayo: kwenye maungio ya reli, mataruma (vipande vya mti au chuma vinavyolazwa chini ya reli), kokoto, na zaidi ya yote kwenye njia za maji.

Tuanze na umri wa njia yenyewe. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893 chini ya Wajerumani, ukafika Muheza 1896, Korogwe 1902, kwenu Mombo 1905 na Moshi 1911. Waingereza waliifikisha Arusha 1929. Mwaka 1963 kipande cha Ruvu hadi Mnyusi, kilometa 188, kiliiunganisha na Reli ya Kati, ndiyo maana treni ya kutoka Dar es Salaam inafika Moshi bila kuingia Tanga mjini. Ni reli ya upana wa mita moja, na ilijengwa kwa vichwa vya treni vyepesi vya zama zile. Safari za abiria zilikoma miaka ya 1990. Mizigo ilirudi Moshi Julai 2019, treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ikafuata Desemba mwaka huohuo, na Arusha ikafikiwa Oktoba 2020.

Kazi ya kufufua inaanza kwa miguu. Kiberenge, yaani kigari kidogo cha relini, kinasaidia kupita haraka, lakini ni chepesi mno, kinapita salama mahali ambapo kichwa cha treni cha tani 60 au 70 kingezama. Kwa hiyo wakaguzi wanatembea, na kila kilometa inaandikwa peke yake: mataruma yaliyoliwa na kutu au kuibwa, maungio yaliyolegea, kiasi cha kokoto kilichobaki, makalavati (matundu ya kupitisha maji chini ya tuta) yaliyoziba, nyumba zilizoingia kwenye hifadhi ya reli (ardhi ya reli kando ya njia), na barabara zilizomwagiwa lami juu ya reli zenyewe. Hili la mwisho linawashangaza wengi. Reli iliyofunikwa kwenye tambukareli, pale barabara inapovuka reli, lazima ifukuliwe, maana mfereji wa ukingo wa gurudumu umejaa lami na changarawe, na gurudumu likipanda juu ya uchafu ule linatoka njiani. Hifadhi nayo ina vipimo vyake, mita 15 kila upande mjini na mita 30 nje ya mji. Mgogoro wa nyumba na vibanda unaweza kuchelewesha mradi kuliko kazi yoyote ya uhandisi, kwa hiyo alama ziwekwe na watu wazungumzwe nao mapema, kabla kokoto za kwanza hazijaagizwa.

Sasa mataruma. Yakipangwa kila sentimita 70, kilometa moja inabeba takriban 1,430. Si lazima yote yawe mapya, na mhandisi anayedai yote yabadilishwe kwa mkupuo anamaliza bajeti kabla ya kufika Same. Taruma moja bovu katikati ya mazima linabebwa na wenzake. Hatari ni mabovu kufuatana. Matatu mfululizo, hasa kwenye kona au karibu na ungio, yanaruhusu reli mbili kuachana, na gurudumu linadondoka ndani. Mataruma ya chuma yanafaa huku kwetu kwa kuwa mchwa hawayagusi, ila yana ugonjwa wake: kutu inayala pale reli inapokalia, tundu la kibano kinachoshika reli linapanuka, na kibano hakikazi tena hata ukiweka boliti mpya. Ukaguzi wa kutazama kwa juu hauoni hilo. Lazima kibano kifunguliwe na tundu litazamwe.

Ungio la reli linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndipo njia ya zamani inapougulia. Tuseme reli zina urefu wa mita 12. Ncha mbili zinazokutana zinashikwa na fishipleti (vibao vya chuma) mbili, moja kila upande, na boliti nne. Kwa hesabu hiyo kilometa moja ina maungio 167 hivi, fishipleti zaidi ya 330 na boliti karibu 670. Boliti mbili zikichomoka, au zikichomolewa na wauza chuma chakavu, ncha zinaanza kucheza. Kila gurudumu linaigonga ncha ya mbele, taruma la chini yake linapanda na kushuka, kokoto zinasagika kuwa unga, mvua inaugeuza unga kuwa tope, na treni inalirusha tope hilo pembeni. Ukitembea njiani ukaona kokoto zilizopakwa tope kavu la kijivu karibu na ungio, hapo chini pameshakufa. Ukikaza boliti peke yake utarudi mwezi ujao. Tope lazima lichimbuliwe, kokoto mpya ziingie, taruma lishindiliwe, halafu ndipo boliti zikazwe. Nyufa nazo huanzia ndani, kwenye matundu ya boliti, na macho hayazioni. Ndiyo maana reli za zamani hupimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti kabla ya kuruhusiwa kubeba mzigo mkubwa.

Kati ya ncha na ncha huachwa upenyo wa milimita chache kwa makusudi. Reli ya mita 12 ikiongezeka joto kwa nyuzi 30, inarefuka milimita 4. Genge jipya (kikundi cha wafanyakazi wa njia) likifunga upenyo wote asubuhi ya baridi ya Julai, au likisahau kupaka grisi kwenye fishipleti ili reli iweze kuteleza, mchana wa Februari reli haina pa kwenda na njia inajikunja pembeni.

Kokoto ziwe za mawe magumu yaliyopondwa, milimita 25 hadi 60, zenye kona kali. Zile za mtoni za mviringo zinateleza na hazishiki taruma. Njia ya mita moja iliyopungukiwa kabisa inameza mita za ujazo 1,000 hadi 1,300 kwa kilometa. Behewa likibeba mita za ujazo 30, hiyo ni mabehewa kama 40 kwa kilometa moja tu, yaani treni mbili za mabehewa 20. Kwa hiyo machimbo ya kokoto yatafutwe kandokando ya njia. Mradi unaosomba kokoto kwa malori kutoka mbali unaitumia barabara kuijenga reli, na bei yake inaonyesha hivyo.

Tunakuja kwenye maji, na hapa tutakaa kidogo. Itazame ramani ya kwenu. Kutoka Korogwe kwenda Same, reli inapita chini ya milima ya Usambara na Upare. Milima iko kulia ukielekea Moshi, na bonde la Mkomazi na Pangani liko kushoto. Kila tone linaloshuka kutoka Lushoto lazima livuke reli ndipo lifike mtoni. Tuta la reli ni ukuta wa kilometa nyingi uliojengwa kukingama njia ya maji, na makalavati ndiyo milango yake. Njia ikikaa miaka 10 au 15 bila genge, milango hiyo inajaa mchanga na matawi. Mvua kubwa ya kwanza, maji yanasimama upande wa mlimani, tuta linalowa hadi ndani, kisha maji yanapanda juu yake na kulikata. Asubuhi unakuta reli zinaning'inia hewani na mataruma yake yakiwa yamezishikilia, na chini ni korongo. Ndivyo Reli ya Kati ilivyokatwa kati ya Kilosa na Gulwe mwishoni mwa mwaka 2009, na kipande kile kimeendelea kusumbua kwa miaka mingi baadaye.

Pia mvua za leo na ardhi ya leo si zile zilizopimwa na waliojenga. Miteremko iliyokuwa na msitu sasa ina mashamba, kwa hiyo maji yanafika haraka na yamebeba udongo. Kuzibua kalavati la zamani ni lazima, na bado linaweza kuwa dogo. Bomba la kipenyo cha mita 1.2 lina eneo mara nne ya lile la sentimita 60, lakini linapitisha maji takriban mara sita, kwa sababu kwenye bomba jembamba maji hupoteza nguvu nyingi kwa kukwaruzana na kuta. Ndiyo sababu kubadilisha kalavati moja dogo kwa moja kubwa kunashinda kuongeza mabomba mawili membamba pembeni yake, ambayo matawi mawili ya mti yanatosha kuyaziba. Mdomo wa kutokea ujengewe mawe, la sivyo maji yanachimba shimo na kalavati linaanguka kwa nyuma. Mifereji ya pembeni ichongwe kwa mteremko unaoeleweka hadi kwenye kalavati. Mfereji unaoishia katikati ya shamba la mtu unarudisha maji kwenye tuta.

Ushauri wetu kwa mradi wowote wa aina hii ni mmoja: kama pesa inatosha nusu ya kazi, nusu hiyo ianze kwenye maji. Reli chakavu juu ya tuta kavu inapitisha treni polepole. Reli mpya juu ya tuta lililolowa haipitishi kitu.

Madaraja ya chuma ya zamani mara nyingi ni mazima kuliko yanavyoonekana. Kutu ya juu inakwanguliwa na kupakwa rangi. Kinachotafutwa ni ribiti zilizolegea, viti vya daraja (pale linapokalia nguzo) vilivyokwama, na misingi iliyochimbwa na mto. Daraja hupimwa kwa kichwa cha treni kinachotembea taratibu, watu wakipima linapinda kiasi gani na kama linarudi mahali pake.

Baada ya hapo ndipo treni inapita, na hapa ndipo jibu la swali lako la mwendo na la mizigo kutangulia. Kokoto zilizomwagwa na kushindiliwa kwa mikono hazijatulia. Zinatulia kwa uzito wa treni, na hazitulii sawasawa: hapa zimezama sentimita moja, mita tano mbele tatu. Kwa hiyo kwanza kinapita kichwa peke yake, kisha treni ya kokoto, kisha treni za mizigo kwa kilometa 10 hadi 15 kwa saa. Genge linafuata nyuma na kuinua palipozama. Baada ya mzunguko wa pili au wa tatu wa kushindilia, mwendo unapandishwa hadi 25, halafu 40. Ukileta abiria mapema unawaweka watu mamia juu ya njia ambayo bado inatafuta pa kukaa. Behewa la saruji likitoka njiani kwa kilometa 15 kwa saa, hasara ni mifuko na siku mbili za kazi.

Breki ni suala jingine la kutangulizwa. Nguvu iliyomo ndani ya treni inakua kwa mraba wa mwendo: kutoka kilometa 40 kwenda 60 kwa saa, breki zina kazi mara 2.25. Mabehewa ya zamani ya breki za vakyumu (zinazofanya kazi kwa kunyonya hewa) hayawezi kufunga breki pamoja na ya breki za hewa, kwa hiyo usiokoteze mabehewa yaliyolala stesheni mbalimbali ukayaunga kuwa treni moja. Kisha kuna milima. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mlima, ikagongana na treni ya mizigo, na watu 281 wakafa. Njia yenu inatoka usawa wa bahari hadi mita 800 hivi pale Moshi, halafu inapanda kama mita 600 nyingine ndani ya kilometa 86 za kwenda Arusha. Mwinuko wa moja kwa mia (kupanda mita moja kila mita 100) unadai nguvu ya ziada ya kilo 10 kwa kila tani, hivyo treni ya tani 1,000 inahitaji tani 10 zaidi za kuvuta. Treni iliyofika Moshi vizuri huenda ikalazimika kugawanywa kabla ya kupanda Arusha, na kila kipande kijaribiwe breki upya hapo stesheni, kuanzia kichwa hadi behewa la mwisho.

Uzito wa mzigo nao unaamuliwa na reli. Utakuta kwenye mtandao wetu reli za ratili 45 hadi 80 kwa yadi, yaani takriban kilo 22 hadi 40 kwa mita. Njia ikiruhusu tani 14 kwa ekseli (mhimili wa magurudumu mawili), behewa la ekseli nne lisizidi tani 56. Toa tani 16 za behewa lenyewe, inabaki 40 za mzigo. Mabehewa 20 yanabeba tani 800, kazi ya malori 27 ya tani 30. Hiyo ndiyo faida ya reli hata ikienda polepole, na ndiyo maana saruji ya Tanga, mbolea, mafuta na mkonge ndiyo mizigo yake ya asili.

Lakini mapato ya mizigo yanauawa na kitu ambacho watu hawakitazami, siku ambazo behewa linachukua kwenda na kurudi. Ukitaka kupakia mabehewa 10 kila siku na kila moja linarudi baada ya siku 6, unahitaji mabehewa 60. Likirudi baada ya siku 12, unahitaji 120 kwa kazi ileile. Njia ya kupishania iliyokufa, kreni iliyoharibika Moshi au mteja anayeligeuza behewa kuwa ghala, vyote vinazaa uhaba ambao hakuna ununuzi wa mabehewa utakaoumaliza. Njia za kupishania zirudishwe mapema na ziwe ndefu ya kutosha: mabehewa 20 ya mita 14 pamoja na kichwa yanadai zaidi ya mita 300 za nafasi tupu, mbali na swichi zenyewe.

Kuhusu abiria, tuseme ukweli: treni hii haishindani na basi kwa mwendo. Tanga hadi Moshi ni kilometa 352. Kwa wastani wa kilometa 30 kwa saa ni takriban saa 12. Hata hivyo kuna namna ya kupunguza saa hizo bila pesa nyingi. Kilometa moja mbovu inayopitwa kwa 10 kwa saa inachukua dakika 6, na kwa 50 ingechukua dakika moja na nukta. Sehemu kumi za aina hiyo zinakula dakika 48, na ukiongeza muda wa kupunguza na kurudisha mwendo inavuka saa. Kupandisha mwendo kutoka 50 hadi 60 kwenye kilometa 100 nzima kunaokoa dakika 20 tu. Basi fundi aende kwenye sehemu mbovu kwanza. Treni ya abiria ya njia hii inauza usingizi wa usiku, nauli nafuu, nafasi ya mizigo ya mkononi, na Desemba, wakati nusu ya Dar es Salaam inarudi Kilimanjaro, inauza kiti ambacho hakipatikani kwenye basi. Inachopaswa kutunza ni saa ya kuondoka na saa ya kufika. Abiria anavumilia saa 14 zilizotangazwa kuliko saa 12 zilizogeuka 17.

Usisubiri pia kwamba SGR, ile reli mpya ya kisasa, itachukua kazi hii kesho. Treni zake zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma mwaka 2024 zinapita kwenye reli ya upana wa milimita 1,435, na behewa la mita moja haliingii humo. Mzigo unaotoka njia moja kwenda nyingine lazima uhamishwe, na kila kuhamisha ni gharama.

Njia iliyofufuliwa inabaki hai kwa magenge. Genge la watu 8 hadi 12 kwa kila kilometa 8 hadi 10, lenye kambi, sululu za kushindilia, spana, geji ya kupimia upana, na boliti za akiba. Wakati wa masika mtu wa genge apite kwa miguu kabla ya treni, alfajiri na jioni. Mradi ukizinduliwa kwa sherehe na magenge yasiajiriwe, mvua ya tatu itaurudisha ulikotoka.

Kwa kikundi chenu, mbogamboga za Lushoto msizipeleke kwa treni ya mizigo. Nyanya hazisubiri kupishana Korogwe. Ulizeni nafasi ya behewa la vifurushi kwenye treni ya abiria, kwa bidhaa zinazovumilia siku moja kama viazi na karoti. Mbolea na saruji ndizo za kuombea behewa. Nendeni stesheni mkiwa mmeandika tani kwa mwezi, miezi ya msimu, mnapotoa mzigo, na nani atapakua. Tani 200 za mbolea kwa mwezi ni mabehewa matano. Mkiahidi kuyapakua yote ndani ya saa 24, mkiwa na ghala jirani na vibarua waliopangwa hata Jumapili, mtasikilizwa kuliko mwenye tani nyingi asiye na pa kushushia. Na mkiona kalavati la hapo Mombo limejaa taka za soko, lisafisheni kabla ya Machi, kisha mumjulishe mkuu wa stesheni namba ya kilometa iliyoandikwa kwenye nguzo iliyo karibu.